Kugeuza Gia za Gari, na Dhamana ya Fundi

Huenda ukastaajabu kukuta katika kurasa hizi, ulizozizoea kwa mambo ya tabia na malezi, maneno ya giaboksi na klachi. Usistaajabu. Gari ni mali, na mali ina haki zake. Tena gari ni chombo kibebacho roho za watu, na chombo cha namna hiyo hakikosi kuleta masuali mbele ya mwalimu wa dini, apende asipende. Hapa Isevya, katika mji wetu wa Tabora, niliulizwa masuali hayo zaidi ya mara moja, na yote kwa ajili ya gari moja tu. Nimeona niyaandike kwa urefu kidogo, kwani jambo lenyewe linatendeka siku hizi katika magereji mengi, na wenye kulitenda aghalabu hutazama upande wake mmoja, ule wa spana.

Jambo lenyewe ni kulichukua gari la zamani la mwendo wa mbio, lililotoka kiwandani na gia za otomatiki, ambazo hujibadilisha zenyewe, na kulifanya liwe gari la gia za mkono, lenye klachi.

Gari ninalolisema ni Toyota Altezza. Mwenyewe ni kijana niliyemsomesha Juzuu ya Amma alipokuwa mdogo sana, na leo ni mtu mzima mwenye mke, tena analea wadogo zake, naye hufanya biashara ya asali. Toyota walilitengeneza gari hili tangu mwaka 1998 mpaka mwaka 2005, na katika nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS200. Neno Altezza ni la Kitaliano, na maana yake ni ukuu au utukufu, kama vile aitwavyo mwana wa mfalme. (Nilimwambia kijana kwamba jina hilo peke yake latosha kumtia mtu kiburi, akacheka.) Lilipotoka lilipewa heshima ya kuwa gari bora la mwaka huko Japani. Lina milango minne kama gari la watu wa makamo, lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lilikusudiwa wale wapendao kuendesha. Lile lenye injini ya silinda sita lilitoka kwa namna mbili: ama gia sita za mkono, ama gia nne za otomatiki. Hili la kijana wetu lilikuwa la namna ya pili.

Na kwa nini yaliyotufikia ni mengi ya otomatiki? Sababu iko huko yalikotoka. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Wajapani, usukani ukiwa kulia, kwa hiyo magari waliyokwisha kuyatumia wao hutufaa bila ya kuhamishwa usukani. Na Wajapani wenyewe wameiacha klachi kwa sehemu kubwa; tangu mwaka 1991 serikali yao hutoa leseni maalumu kwa mtu wa otomatiki tu, ambaye halazimiki kujua klachi hata siku moja. Basi walichokizoea wao ndicho kishukacho katika bandari ya Dar es Salaam, na kijana wa Tabora anayetafuta Altezza la gia za mkono hutajiwa bei ya kumfukuza.

Sina nia ya kuitukana otomatiki. Ni kazi ya akili kubwa. Mahali pa klachi pamewekwa chombo cha duara kilichojaa oili, na ndani yake mna mapanga yanayotazamana mfano wa feni mbili. Injini huizungusha feni ya kwanza, feni hiyo huisukuma oili, na oili huizungusha feni ya pili iliyounganishwa na gia. Ndiyo maana gari laweza kusimama penye taa nyekundu hali gia imo na injini inanguruma, wala lisizimike. Kinachosukumana hapo ni oili, si chuma na chuma. Asili ya jambo hili ni meli: Mjerumani Hermann Föttinger alilibuni mwaka 1905 alipokuwa mhandisi katika kiwanda cha kuundia meli. Kisha Wamarekani wakaichukua nguvu hiyo ya oili wakaitia katika magari, na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 yakauzwa kwa watu yakiwa hayana pedeli ya klachi.

Lakini akili hiyo yote inaishi ndani ya oili, na oili ikiungua, akili nayo hupotea.

Kijana alilinunua gari Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akilitumia, akaja nalo kwa njia ya Dodoma na Singida. Alinisimulia kwamba kila alipopanda kilima alihisi gari linachelewa kushika gia; injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Alipofika mteremko wa Sekenke, kabla ya kuingia mbuga za Wembere kuelekea Igunga, aliyaona malori yanashuka kwa gia nzito, injini zikiyazuia kwa nyuma, na yeye hakuwa na uhakika kama gari lake litakubali kuzuiwa hivyo. Alishuka kwa breki, akifika chini breki zinanuka. Hapa Tabora fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akainusa. Oili hiyo ikiwa nzima huwa nyekundu. Ile ilikuwa nyeusi, na harufu yake ni ya kitu kilichoungua. Bila shaka aliyekuwa nalo kabla yake aliliendesha siku nyingi bila ya kuibadilisha, au alitia isiyokuwa yake. Wakati wa kuuza hakusema neno.

Fundi wetu ni mtu wa makamo, gereji yake ni banda la mabati chini ya mwembe. Alisema hivi: "Maalim, otomatiki ni kama mgonjwa wa moyo, lazima apelekwe hospitali kubwa. Mimi siwezi kuifungua hapa penye vumbi." Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuagiza giaboksi nyingine ya otomatiki iliyokwisha kutumika, ambayo hakuna ajuaye imeungua kiasi gani ndani. Ya pili, kuziondoa kabisa na kuweka gia za mkono, ambazo fundi yeyote kutoka hapa mpaka Mpanda anaweza kuzifungua juu ya gunia na kuzifunga tena.

Hapo ndipo suala la kwanza liliponifikia, nalo lililetwa na baba yake kijana, mzee mwenzangu. Alikuja baada ya swala ya alasiri, amekasirika. "Sheikh, mwanao huyu anataka kulivunja gari zima ili apate kelele. Huu si ubadhirifu?"

Nikamwita kijana. Mbele ya baba yake alitaja sababu ya fundi, nayo ni sababu ya kweli. Tulipobaki wawili akaniambia na ile ya pili: kwamba tangu utotoni anatamani gari ambalo yeye mwenyewe ndiye alipangiaye gia, na otomatiki humfanya ajione kama abiria aliyepewa usukani ashike. Sikuona katika maneno hayo jambo la haramu. Wala sisi wa zamani tusijifanye hatukuwa vijana. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ni nani wa rika letu asiyeyafuata? Toyota Celica iliposhinda mwaka 1984, kisha 1985, kisha 1986, palikuwa na watu wazima mjini waliojua habari za magari yale kuliko za mashamba yao. Na mimi mwenyewe nilijifunzia Land Rover la kabla ya mwaka 1971, ambalo gia yake ya kwanza na ya pili haziingii kwa upole mpaka ukanyage klachi mara mbili na kusikiliza injini kwa sikio. Nafsi ikipenda jambo la halali haijakosa.

Ubadhirifu ni kutoa mali bila ya manufaa, au kupita kiasi cha haja. Kwa hiyo nilimwambia baba mtu: tusihukumu kwa kelele, tuhukumu kwa hesabu. Fundi na kijana wakakaa, wakaandika kila kitu kwenye daftari, upande mmoja otomatiki ya kuagiza na upande wa pili gia za mkono pamoja na viungo vyake vyote. Gia za mkono zilizidi kidogo kwa fedha, lakini zilikuwa na umri mrefu mbele yake na matengenezo ya hapa hapa. Mzee akaitazama hesabu kwa muda, akasema, "Haya, lakini asije akaniamsha usiku." Likaisha.

Kisha vikaanza kutafutwa viungo. Giaboksi ya gia sita, ile iliyotengenezwa kwa Altezza, ni adimu na ina wapenzi wengi. Ikapatikana moja kwa simu, bei ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Kijana alifurahi mno. Lakini kila muuzaji alipoulizwa imetoka katika gari gani, jibu lilibadilika: leo gari lililopata ajali, kesho kontena, keshokutwa mjomba wake. Waliponiuliza niliwaambia waiache, nami sikuona haja ya kutafuta kitabu. Kitu cha wizi hakiwi halali kwa kupita mikononi mwa watu kumi, na mtu ambaye dalili zote ziko mbele yake hawezi kusema hakujua. Mahali fulani huenda yuko mtu aliyeamka asubuhi akakuta gari lake limekaa juu ya mawe. Kijana alinyamaza siku mbili, hakuja hata darasani jioni. Siku ya tatu akaja na habari ya Toyota Chaser lililogongwa, mwenyewe yupo, kadi yake ipo, anauza vipande. Injini yake ni ya ukoo ule ule wa 1G uliomo katika Altezza lile, kwa hiyo giaboksi ya Chaser, ya gia tano, hukaa nyuma yake. Gia tano badala ya sita. Lakini mwenyewe anajulikana.

Kazi ilichukua siku tisa, nami kila nilipopita nilisimama. Nitaieleza kidogo, kwani wengi hudhani ni kutoa boksi moja na kutia jingine.

Nyuma ya injini ya otomatiki pana sahani nyembamba ya chuma tu, kwa sababu uzito unaotakiwa umo katika kile chombo cha oili. Gari la klachi lataka flaiwili, gurudumu zito la chuma ambalo klachi pleti itaegemea, nalo lina bolti zake lenyewe; bolti za sahani nyembamba si za kutumiwa hapo. Katikati ya krankshafti lazima ikae beringi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi, na fundi alitazama kwanza kama tundu lake linaikubali. Kisha klachi pleti, prisha pleti na beringi ya kuachia. Kisha pedeli. Ile ya breki ya otomatiki ni pana, na ikibaki, mguu hukosa nafasi. Basi hutolewa, ikawekwa nyembamba na jirani yake ya klachi. Fundi alikataa katakata kutengeneza pedeli kwa kuungaunga vyuma kwa welding, akasema pedeli ikikatika mtu hufa nayo mguuni. Alichukua seti nzima ya Chaser, pamoja na masta silinda na mpira wake wa oili. Propela ilikuwa ndefu kuliko nafasi, ikapelekwa kukatwa na kusawazishwa, maana propela isiyosawazishwa hutetemesha gari zima. Shina la gia nalo lilitokeza mahali pasipolingana na tundu la sakafu, ikabidi sakafu ikatwe kidogo na kuzibwa kwa mpira, vumbi lisiingie. Mabomba yaliyokuwa yakipeleka oili ya otomatiki kupozwa kwenye rejeta yakafungwa. Yote haya aliyafanya vizuri, na nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu ya yatakayofuata.

Zikabaki nyaya.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka utulie. Gari la otomatiki halikubali kuwashwa ila gia ikiwa katika maegesho au katika nyutro. Ubavuni mwa giaboksi pana swichi, na waya wa stata hupitia hapo; gia ikiwa mahali pengine, waya umekatika, na ufunguo ukizungushwa husikii kitu. Hii ni kinga. Mwenye kuiunda alijua kwamba iko siku mtoto au mtu aliyeghafilika atauzungusha ufunguo. Giaboksi ya otomatiki ilipotolewa, swichi ilitoka pamoja nayo, zikabaki nyaya mbili zinaning'inia. Injini haikuwaka. Spana boi, kijana mwepesi wa mkono, akazichubua zile nyaya, akazisokota pamoja, akafunga utepe. Injini ikanguruma mara moja. Waliokuwepo wakapiga makofi.

Kinga ya gari la klachi iko kwenye pedeli: swichi ndogo ambayo haifungi njia ya stata mpaka klachi ikanyagwe hadi chini. Magari mengi ya kisasa ya gia za mkono yanayo. Lakini nyaya zikisokotwa, gari halina kinga ya kwanza wala ya pili. Ukiuzungusha ufunguo gia ikiwa ndani, stata hulivuta gari kama ng'ombe aliyechomwa mkuki.

Zikapita siku kama kumi na mbili. Kijana alikuwa ameliegesha gari mbele ya nyumba, pana mwinamo kidogo, akaliacha ndani ya gia ya kwanza, na hivyo ndivyo afundishwavyo kila mwendeshaji wa klachi, ili lisiteleze. Mbele ya gari, hatua chache, ni baraza ya jirani, na barazani hapo watoto huketi jioni na mbao na misahafu yao wakisubiri waitwe. Jioni ile walikuwa wamekwisha kuitwa. Mdogo wake wa kike, msichana wa miaka kumi na minne, alitumwa akapandishe vioo kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda. Akaingiza mkono dirishani, akauzungusha ufunguo kama alivyozoea tangu gari lilipofika, akauzidisha kidogo. Gari likaruka. Lilivunja kingo ya baraza, likapasua mitungi miwili ya maji, likasimama. Msichana alikuwa nje ya gari, akaangukia upande wa pili, akachubuka kiwiko. Nilifika mwili wa yule binti ungali unatetemeka. Mkeka wa watoto ulikuwa bado umetandikwa, na kipande cha tofali kilikuwa juu yake.

Asubuhi yake wakanijia watatu. Kijana alitaka fundi alipe. Fundi alisema aliyewasha ni binti, na aliyeliacha ndani ya gia ni mwenye gari, yeye yumo wapi? Jirani alitaka ukuta wake tu.

Mafakihi waliizungumza dhamana ya fundi zamani sana. Wao walikuwa na mshonaji, mtia rangi na mfua dhahabu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminiwa: kitu kikiharibika mkononi mwake bila ya uzembe, halipi. Wafuasi wa Imamu Malik humlipisha, kwa maslahi ya watu, kwani mali za watu wote hupita mikononi mwa mafundi. Fundi wetu alikuwa akiijua kauli ya kwanza (mafundi wengi huijua kauli iwafaayo), akaishika kwa nguvu. Lakini kauli hiyo ina sharti lake. Nikamwuliza, "Ulijua kwamba nyaya zimesokotwa?" Akasema alijua, na alikusudia kuweka swichi ya klachi gari litakaporudi kutazamwa oili. "Ulimwambia mwenye gari?" Hakumwambia. Alichelea ataonekana hakumaliza kazi.

Basi huo ndio uzembe wenyewe. Kama angesema neno moja, "Usiwashe ila umekanyaga klachi, na watu wa nyumbani wasiguse ufunguo mpaka niweke swichi," dhamana ingehama kutoka shingoni mwake. Kuhusu binti, ni kweli kwamba atendaye kwa mkono wake humtangulia msababishaji katika kulipa. Hilo kila mwanafunzi wa fikihi analijua. Lakini mtenda aliyeghuriwa si sawa na mtenda ajuaye. Msichana yule alifanya jambo lile lile ambalo gari lile lile lilikuwa likilivumilia siku zote. Kwa macho hakuna kilichobadilika: rangi ni ile, ufunguo ni ule. Kilichobadilika kimefichwa chini ya sakafu ndani ya utepe mweusi.

Nikasema kingo aijenge fundi, na mitungi ailipe mwenye gari, kwa sababu naye aliligeuza gari lake bila ya kuwaeleza wa nyumbani kwake kwamba limegeuka. Jirani alipokea ukuta, mitungi akasamehe. Wapo walioniambia kwamba nilimwonea fundi, kwani kila gereji husokota nyaya namna hiyo. Mimi bado naona sikumwonea, na kwamba kila gereji inafanya ndiyo khofu yenyewe.

Fundi, na hili namshukuru, hakununa. Aliichukua ile swichi ndogo iliyokuwa imekuja pamoja na pedeli za Chaser, imelala ndani ya kopo la bolti siku zote hizo, akaifunga mahali pake, akazifumua nyaya na kuziunganisha kupitia hapo. Kazi ya chini ya saa moja. Akaunganisha na taa za kurudi nyuma, ambazo nazo zilikuwa zikitegemea swichi ile ya otomatiki na zilikuwa zimekufa bila ya mtu kutambua.

Yalibaki mawili asiyoweza kuyaondoa. Kontrol boksi ya injini bado ilikuwa ya otomatiki, ikaitafuta giaboksi yake isiione, na taa ya onyo kwenye dashibodi haikuzimika. Wengine huichomoa taa. Kijana alitaka kufanya hivyo, fundi akamkataza, akasema siku injini ikiumwa kweli itamwambia nani? Na spidomita ilisema uongo. Walipoilinganisha na simu, mshale ukionyesha kilometa 50 kwa saa, simu ilionyesha 56. Nayo 50 ndiyo mpaka wa mwendo panapokaa watu, kwa hiyo dereva mwadilifu kabisa angekuwa mkosaji bila ya kujijua.

Alilitumia mwaka mzima, na sitaficha kwamba lilimfaa. Nimepanda mara moja kwenda Sikonge, na nilifurahi kuona kijana anavyosikiliza injini kabla ya kugusa gia, kama sisi tulivyokuwa tukifanya. Lakini biashara ya asali hutaka pikapu, na mwaka huu akaamua kuliuza. Akapatikana mnunuzi kutoka Nzega. Usiku wa kuamkia siku ya mapatano kijana alikuja kwangu. "Maalim, nikiyasema yote haya, nani atanunua? Mimi mwenyewe sikuambiwa."

Nilimkumbusha kisa anachokijua tangu utoto, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, na lundo la nafaka sokoni ambalo juu lilikuwa kavu na ndani limelowa. Kisha nikamwuliza alijisikiaje pale fundi aliponusa kile kijiti. Hakujibu. Nikamwambia aandike: kwamba gari lilikuwa otomatiki, kwamba giaboksi ni ya gari jingine, ya gia tano, kwamba propela imekatwa, taa haizimiki na kwa nini, spidomita inapunguza. Mnunuzi ana haki ya kulirudisha gari kwa aibu iliyofichwa, na hana haki hiyo kwa aibu aliyoonyeshwa akairidhia. Kwa hiyo karatasi ile inamlinda muuzaji pia.

Mnunuzi alikuwa mtu mtulivu wa umri kama wa baba yake. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaingia garini. Bila ya kukanyaga klachi akauzungusha ufunguo: kimya. Akakanyaga, akauzungusha tena, injini ikawaka. Akaizima, akatoka, akainama kutazama chini. Kisha wakaanza bei. Nilipowaacha kwenda kusomesha walikuwa wangali juu ya ule mshale wa spidomita, kijana akitaka kupunguza bei ya kifaa tu, na mnunuzi akitaka iongezwe na nauli ya kwenda kukitafuta.